Tovuti inapoidanganya simu kuhusu lugha yake

MWANAFUNZI wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu mjini Garissa, alinipigia simu juma lililopita akiwa na lalama. Mwenzake asiyeona alikuwa amefungua tangazo la basari katika tovuti moja ya umma. Tangazo lilikuwa la Kiswahili, tena Kiswahili kizuri tu. Ila simu ilimsomea kwa matamshi ya Kimarekani: ‘wazazi’ likawa kitu cha ajabu, ‘mwombaji’ likavunjika vipande viwili. “Prof, ilikuwa kama kumsikiliza mtalii akisoma kamusi,” aliniambia.

Nilimwomba anwani, nikatazama maandishi ya kiufundi yaliyo nyuma ya ukurasa. Mstari wa juu ulitamka kwamba ukurasa ule ni wa ‘en-US’, yaani Kiingereza cha Marekani. Sidhani kuna aliyekusudia. Violezo vingi vya kuundia tovuti huja na tamko hilo, na fundi asipolibadilisha, linabaki. Programu ya kusoma skrini nayo hutii: ikiambiwa Kiingereza, inasoma Kiingereza.

Katika orodha ya kimataifa ya ISO 639, Kiswahili kimetengewa herufi ‘sw’ na Kisomali ‘so’. Ukitaka kutaja nchi, unaongeza herufi mbili kubwa: sw-KE, sw-TZ. Hapo ndipo watu huteleza. Nimewaona walioandika ‘ke’ wakidhani ni lugha ya Kenya, ilhali hakuna lugha iliyopewa herufi hizo mbili. Wengine, kwa mazoea yetu ya kiambishi ki-, huandika ‘ki’. Lo! Hizo ni za Kikuyu. Kiswahili kimeorodheshwa kwa shina lake. Kikuyu kikabaki na kiambishi. Mantiki ya waliopanga hivyo waulizwe wenyewe.

Sasa wapo wanaodhani kwamba tamko hilo pekee litawaletea wasomaji kutoka mitambo ya kutafutia. Si kweli. Google wenyewe wameeleza kwamba hawalitumii kutambua lugha ya ukurasa. Mtambo wao husoma maneno yaliyomo. Wanachokizingatia ni kiungo kiitwacho ‘hreflang’, walichokileta mwaka 2011. Kwa kiungo hicho ukurasa wa Kiingereza husema, “mwenzangu wa Kiswahili yuko pale,” na ule wa Kiswahili sharti uitikie. Mmoja akinyamaza, uhusiano hupuuzwa. Na ili kuwe na mwenza, lazima kuwe na ukurasa wa pili wenye anwani yake.

Hili ndilo linaloniudhi kuhusu kile kitufe cha ‘Tafsiri’ kinachobandikwa pembeni mwa tovuti za umma. Kitufe hubadilisha maneno mbele ya macho ya aliyekwisha kufika. Mama wa Ijara anayeandika “basari ya shule ya upili” kwenye simu yake hatakiona, kwa sababu hakuna ukurasa wa Kiswahili wa kupatikana. Eti tumehudumia lugha ya taifa! Tumemhudumia yule aliyejua Kiingereza cha kutosha kufika mlangoni.

Garissa, Wajir na Mandera, zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, zina ugumu wa ziada. Viungo hivi vinajua lugha na nchi, kaunti havizijui. Na nchi si lugha. Aliye Mandera huweza kunasa mtandao wa simu kutoka ng’ambo ya mpaka, tovuti inayobahatisha kwa mahali ikadhani yuko Somalia. Sokoni Garissa utasikia Kisomali, Kiswahili, Kiorma, Kipokomo. Ndiposa tovuti inayomjali msomaji humwachia achague mwenyewe, tena orodha iandikwe ‘Soomaali’, si ‘Somali’ ya Kiingereza.

Kuna pia suala la tahajia, ambalo mafundi hawalifikirii kabisa. Tangu 1972 Kisomali kina maandishi rasmi ya Kilatini, ambamo ‘x’ ni aina ya ‘h’ itokayo kooni. Kambi tunayoiandika Hagadera, kule Dadaab, kwa Kisomali ni Xagardheer. Dagahaley ni Dhagaxley. Garissa yenyewe ni Gaarisa. Ukurasa wenye tahajia moja tu unawaacha nje wanaotafuta kwa nyingine. Hata Kiswahili chetu kina mambo yake: mwanafunzi wa Kenya amefunzwa ‘tarakilishi’ na ‘rununu’, wa Tanzania anaandika ‘kompyuta’ na ‘simu ya mkononi’. Kubandika sw-KE juu ya matini iliyonakiliwa kutoka Dodoma, yenye ‘halmashauri’ mahali pa ‘kaunti’, ni kumpotosha msomaji vilevile.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Upataji Habari ni ya 2016. Tangazo la basari lililoandikwa Kiingereza pekee, lenye tarehe ya mwisho, linamfikia nani kwa wakati?

Mwalimu wangu aliwaandikia wenye tovuti ile. Siku tatu baadaye tamko lilibadilishwa kuwa sw-KE. Wamelibadilisha katika tovuti nzima, zikiwemo kurasa za zabuni, ambazo zote ni za Kiingereza. Sasa simu ya mwenzake inasoma zabuni kwa matamshi ya Kiswahili.