Jogoo Asiyeuzwa

Katika biashara ya kuku wa kienyeji upande wa bara wa Mombasa, kuku bora ndiye anayetangulia kuondoka uani. Iwe ni wiki ya Idi, ni Disemba au ni harusi ya jirani, mnunuzi anayefika Mtongwe, Mwandoni au Chaani hana haja na kundi zima. Anamwinua jogoo, anambonyeza kidari kwa kidole gumba, anampima uzito kwa mkono, na anayemridhisha ndiye anayefungwa miguu. Anayebaki kuwapanda majike ni pora aliyeponea wembamba wake. Biashara hiyo ikirudiwa misimu minne au mitano, utamsikia mwenye kuku akilalamika kuwa kienyeji ni mdogo kwa asili yake. Asili inasingiziwa. Sehemu kubwa ya udogo huo tumeitengeneza wenyewe, kwa kuuza mbegu na kupanda makapi, na ndiyo maana nadai kwamba ufundi wa kufuga kuku hawa, kabla ya banda, kabla ya pumba na dawa, ni ufundi wa kukataa bei.

Hesabu yenyewe si ngumu. Jogoo mmoja huhudumia majike kama kumi. Kila kifaranga hupata nusu ya urithi kwa mama na nusu kwa baba, lakini mama ni kumi na baba ni mmoja, kwa hiyo kumchagua yeye vizuri ni kazi sawa na kuwachagua wale kumi wote. Anayemuuza kwa bei ya kitoweo ameuza nusu ya urithi wa vifaranga wote wa mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo fundi hangoji siku ya shida ndipo amtafute jogoo. Huanza kumtazama akiwa pora, na kabla yake humtazama mama yake. Jogoo hatagi, lakini mabinti zake watataga, basi swali la kwanza ni mama alitaga mangapi kabla ya kuatamia, aliangua mangapi, na vifaranga wangapi aliwafikisha miezi mitatu. Kisha pora anashikwa. Kidole kinapita juu ya mfupa wa kidari kuona kama umenyooka. Miguu inatazamwa isiwe ya kugongana, na magamba yake yawe yamelala, maana gamba lililonyanyuka lina utitiri chini yake. Jicho liwe kavu na angavu. Mwisho anatupiwa punje chache, aonekane kama anawaita majike au anakula peke yake. Jaribio hilo la mwisho huwachekesha watu, ila majike humkubali kwa wepesi zaidi jogoo anayewaita kwenye chakula, na asiyekubaliwa huacha mayai mengi yasiyo na mbegu.

Mombasa ina jambo lake la ziada katika uchaguzi huu, nalo ni joto. Februari na Machi mchana hufika nyuzi 32 na kupita, na mvuke wa bahari hauondoki. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una nyuzi 41 hivi, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema mdomo wazi ili unyevu wa koo uvukizwe. Hewa ikiwa imeshajaa mvuke, kuhema huko humfaa kidogo tu. Hapo ndipo kishingo anapoonyesha thamani yake. Wapo wanaomwona ana sura mbaya, na sokoni hupunguziwa bei kwa ajili ya shingo yake tupu, ilhali ngozi hiyo ndiyo dirisha lake la kutolea joto. Urithi wa shingo tupu una nguvu: mzazi mmoja akiupitisha, kifaranga anao na unaonekana. Mwenye nakala moja ya urithi huo hupungukiwa manyoya kwa kiasi cha asilimia 20, mwenye nakala mbili kwa karibu asilimia 40, na mfugaji hahitaji maabara kuwatofautisha. Wa nakala moja huwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, na wa nakala mbili hana, au ana unyoya mmoja mmoja. Jogoo asiye na kishada akipewa majike wa kawaida, vifaranga wake wote watakuwa vishingo.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda kurudi nyuma, anataka akili zaidi. Anayempenda akampandisha na kidimu mwenzake atapata, kwa wastani, robo ya vifaranga wenye manyoya makavu yanayokatika ovyo mpaka wakabaki karibu uchi, wakaungua jua la mchana na kutetemeka mvua za Mei. Fundi humpandisha kidimu na kuku wa manyoya ya kawaida: nusu ya watoto watatoka kidimu, nusu watatoka kama mzazi wa pili, na hapana atakayeteseka. (Waganga wa Pwani, wanaomtaka kidimu kwa kafara na kumlipia vizuri, huenda wamefanya zaidi kumhifadhi kuliko afisa yeyote wa mifugo. Si sifa kwa uganga; ni kukiri tu kwamba kinachotafutwa hakipotei upesi.)

Kuchi ndiye anayeleta pingamizi zito. Huyu ndiye kuku wa fahari wa mwambao, kutoka Lamu kushuka Kilifi hadi Mombasa: mrefu, kifua juu, shingo ndefu, undu mdogo uliobanana kichwani, manyoya machache yaliyokaza mwili. Kuku si mnyama wa asili wa Afrika. Walikuja kutoka Asia, na mifupa yao imechimbuliwa Unguja Ukuu, bandari iliyoanza mnamo karne ya 7. Uchunguzi wa urithi wa upande wa mama unamweka kuchi karibu na kuku wa kupigana wa Asia ya Mashariki, Shamo wa Japani akiwa mmoja wao. Basi, husemwa, kumtukuza kuchi ni kuutukuza mchezo wa kupiganisha majogoo, ambao dini inaukataza na sheria ya Kenya dhidi ya ukatili kwa wanyama inauharamisha. Pingamizi hili halikwepeki, kwa kuwa umbo hilo kweli lilichongwa na mapigano. Lakini kilichochongwa kwa nia mbaya hakilazimishi kitumiwe kwa nia hiyohiyo. Urefu wa kuchi, mfupa wake na nyama yake ni urithi. Ukali ni urithi pia, na unaweza kupunguzwa kizazi baada ya kizazi kwa kumnyima uzazi jogoo anayewarukia watoto. Kosa halisi la kuchi kwangu ni jingine: majike yake hutaga machache na hukua polepole, na anayefuga kuchi watupu kwa tamaa ya urefu atakosa vifaranga.

Sasa lile swali ambalo muuza vifaranga wa kisasa huliuliza kwanza. Kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, ilhali kienyeji walioboreshwa wa KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, kutoka Naivasha, au Kuroiler wa asili ya India, hupita hayo mara mbili na zaidi. Basi mapenzi haya ni ya nini? Hesabu hiyo ni ya kweli, na anayeishi kwa kuuza trei za mayai sokoni Kongowea afuge hao. Ila trei haihesabu kila kitu. Kuku aliyechaguliwa kwa utagaji mwingi amepoteza hamu ya kuatamia, kwa hiyo kila kizazi hununuliwa upya au hutegemea mashine na umeme, na yai lake linadai chakula cha dukani. Wa kienyeji hulipwa machicha ya nazi, ukoko, mchwa na vipande vya kome alivyojitafutia mchangani.

Na yupo kunguru. Ndege huyu wa Bara Hindi aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akaonekana Mombasa katika miaka ya 1940, na leo hakuna paa la makuti Likoni lisilo naye. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1 kwa sumu. Kifaranga wa mashine anayeachiwa uani hamjui adui huyu. Mwenye mama husikia mlio mmoja mkali, akajikunyata chini ya bawa kabla kivuli hakijafika, na mama hutuna, hushusha mabawa, humrukia kunguru hadi juu ya ukuta. Mfugaji anayewaweka mabinti wa mama aliyevusha vifaranga wanane kati ya kumi anazalisha kinga ambayo haiuzwi kwenye duka la dawa. Ndiyo sababu naona hatari kubwa si kuku wa kisasa kwenye banda lake, bali jogoo mmoja wa kisasa anayeachiwa kundi la kienyeji: watoto wa kwanza hutoka wanene wakasifiwa, na wajukuu hawakai juu ya mayai.

Wengine hujibu kwamba wataalamu watatuhifadhia mbegu ya kienyeji. Ni kweli taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, jijini Nairobi na Taasisi ya Roslin ya Scotland wameshughulikia kugandisha seli za uzazi za kuku, maana yai la ndege haligandishwi. Ni kazi njema, lakini seli iliyogandishwa inabaki ilivyo siku ilipochukuliwa, na kundi lililo hai huendelea kuchujwa na jua na maradhi ya mwaka huu.

Linabaki suala la nafasi, na hili ni zito kuliko yote, kwa kuwa ua wa Kisauni haubebi majogoo wawili wala jirani havumilii kuwika kwao. Ua mmoja, ukijifungia, baada ya miaka michache utakuwa unawapandisha ndugu kwa ndugu. Dawa yake ni nyua tano zilizopatana: mabinti wanabaki walipozaliwa, na kila mwaka pora bora wa ua wa kwanza anahamia wa pili, wa pili wa tatu, mpaka wa tano arudi wa kwanza. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapa kamba hiyo ni ya wiki mbili mbali na wenzake, maana ugonjwa wa kideri huingia na kuku aliyeonekana mzima, na kuwa wa kienyeji hakumkingi nacho. Chanjo ya tone la jicho ipo, ikiwemo ile ya I-2 inayostahimili joto, nayo hurudiwa kila miezi mitatu. Tatizo lake ni chupa: ya dozi 100 ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho, na mwenye kuku kumi na wawili anaona anamwaga pesa, basi hachanji kabisa. Nyua tano zikichanja asubuhi moja, chupa hiyo inawatosha kuku wakubwa na vifaranga, na gharama yake kwa kila kuku haifiki bei ya mayai ya kiamshakinywa.