Barua Isiyopelekwa: Juu ya Shajara ya Vita ya Edward Dunlop

Shajara ya Edward Dunlop, mpasuaji wa jeshi la Australia, ilipigwa chapa mwaka 1986, miaka arobaini na zaidi baada ya kuandikwa. Wengi huisoma kama ushahidi wa vita. Sisi wenye kupima lugha yatupasa kuuliza jambo jingine: aliiandika akisema na nani?

Dunlop alitekwa na Wajapani mjini Bandung, kisiwani Java, mwezi Machi 1942, akiwa mkuu wa hospitali. Kwao alimwacha mchumba, Helen Ferguson. Mateka waliruhusiwa kadi chache mno, na nyingi zilikuwa na maneno yaliyokwisha pigwa chapa juu ya afya njema na kazi. Barua za jamaa nazo zikaja kuwekewa mpaka wa maneno 25. Washairi wetu wajua jinsi mizani inavyolikaza neno. Mizani hii ililinyonga. Mtu aliweza kusema kwamba yu hai, basi, na hata hilo lilifika likiwa limepitwa na miezi mingi.

Yaliyokatazwa katika kadi yaliingia katika daftari lililofichwa. Lakini atakayetafuta humo maneno ya huba atayapata kwa uhaba. Kurasa zimejaa hesabu: wenye malaria, wenye kuhara damu, wenye beriberi na vidonda ndugu, fedha zilizokatwa katika mishahara ya maofisa ili wagonjwa wapate chakula, watu waliotakiwa kazini alfajiri. Wasomaji wengine huziita kavu sehemu hizi. Mimi nazihesabu kuwa ndizo kiini cha kitabu. Kule Konyu na Hintok, mwaka 1943, tabibu alishindana na mainjinia wa reli juu ya idadi kila asubuhi, na kila jina lililobaki katika orodha ya wagonjwa lilikuwa mtu aliyeponyoka siku moja ya kuvunja mawe. Namba hapo ni tendo. Naam, ndiyo barua aliyoweza kuiandika.

Hata hivyo siwafuati wanaokisifu kitabu hiki kana kwamba kimesema yote. Reli ile, kama kilomita 415, ilikamilika Oktoba 1943. Walikufa mateka zaidi ya 12,000. Vibarua wa Asia, Watamil, Waburma, Wamalay na Wajava, walikufa wengi zaidi sana, na wengi wao hawakuwa na tabibu wala mwenye daftari. Shajara ya mtu mmoja haiwezi kuwasemea.

Atakayeitafsiri kwa Kiswahili asizipunguze zile orodha. Askari wetu wa K.A.R. waliopigana Burma mwaka 1944 nao waliandika nyumbani chini ya jicho la mkaguzi wa barua, na mfasiri angefanya vyema kuanza kwa kuisikiliza lugha ya namna hiyo: salamu ndefu, habari fupi, na katikati yake hesabu ya walio wazima.