Kipaumbele na Kupisha: Tahakiki ya Istilahi Mbili za Mitandao

Makala haya mafupi yanahakiki istilahi kipaumbele kama itumikavyo katika kufafanua msongamano kwenye mitandao ya kompyuta. Hoja yetu ni kwamba istilahi hiyo humtaja anayetangulia na kumficha anayepisha.

Mfano wa Walikale unaibainisha kasoro hiyo. Katika miaka ya 2000, ndege ndogo zilizosafirisha kasiterite ya Bisie hadi Goma zilitua Kilambo, juu ya lami ya barabara kuu iendayo Kisangani kutoka Bukavu. Ndege ilipotua, magari na waenda kwa miguu walisimama kando. Barabara haikupanuka, madini yalitangulia kwa sababu wengine walipisha.

Mtandao nao ni vivyo hivyo. Ujumbe hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila ruta huzipanga foleni. Foleni ikijaa, pakiti zinazozidi hutupwa. Watumaji wakizituma tena kwa pupa, msongamano huongezeka. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, umbali wa takribani yadi 400, kasi ilishuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Dawa aliyoieleza Van Jacobson mwaka 1988 haikuwa kipaumbele, bali kila mtumaji kupunguza mwendo aonapo pakiti zinapotea. Huko ndiko kupisha.

Kipaumbele nacho kina mahali pake. Itifaki ya intaneti ya mwaka 1981 ilitenga biti tatu, yaani ngazi nane za utangulizi. Utaratibu wa mwaka 1998 ukatumia biti sita. Hata hivyo, alama haina nguvu endapo kila mtumaji atajipa ngazi ya juu. Sharti awepo mwamuzi, na uamuzi wake uweze kuhojiwa.

Tuseme hospitali ya Masisi inatumia kiungo kimoja chembamba cha setilaiti pamoja na majirani zake. Mwalimu akisema taarifa ya kipindupindu "imepewa kipaumbele", hajaeleza nani amecheleweshwa. Akisema filamu ya jirani "imeipisha taarifa", ametaja tendo, mtendaji na gharama.

Kwa hiyo tunapendekeza kipaumbele ibaki istilahi ya kanuni, na kupisha iwe istilahi ya tendo. Istilahi isiyomtaja anayesubiri haijakamilika kitaaluma; na kwa aliyesimama kando ya lami ya Kilambo, haimtendei haki.