Jina la Leso na Urafiki wa Wanawake wa Makamo katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Miongoni mwa tanzu za fasihi ya Kiswahili ambazo uhakiki umezitazama kwa jicho moja tu, jina la leso lastahili kutajwa mwanzo. Maandishi hayo mafupi, yapigwayo chapa ndani ya mji wa leso juu kidogo ya pindo la chini, yamekwisha kukusanywa na kufasiriwa na wataalamu wengi, wa Afrika Mashariki na wa ng'ambo. Walakini fasiri zilizo nyingi zimeelemea upande wa ugomvi: leso kama silaha ya mke dhidi ya mke mwenziwe, ya wifi dhidi ya wifi, ya jirani dhidi ya jirani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasiri hiyo, ingawa si ya uongo, ina upungufu. Na kwamba upungufu huo waonekana wazi pale majina ya leso yanapotazamwa yakifanya kazi yake ya kila siku, yaani katika urafiki wa wanawake wa makamo wa pwani ya Malindi na Kilifi, hasa katika majuma yanayotangulia Krismasi.

Yafaa kwanza kukumbusha asili ya vazi lenyewe. Neno leso, litumiwalo zaidi katika pwani ya Kenya mahali ambapo Watanzania husema kanga, latokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkono. Mapokeo yaeleza kwamba mwishoni mwa karne ya kumi na tisa wanawake wa mwambao walinunua vitambaa hivyo kabla havijakatwa, wakavishona pamoja, wakapata vazi jipya. Wafanyabiashara wakaifuata njia hiyo iliyofunguliwa na wanawake. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, ajulikanaye kwa jina la Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ingali inajulikana mwambao mzima. Maandishi yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Tangu hapo leso ikawa vazi na matini kwa wakati mmoja, na mwanamke aliyekwenda dukani kununua nguo akawa ananunua na maneno.

Wataalamu wa karibuni wameifanyia matini hii kazi kubwa. Saida Yahya-Othman, katika makala yake ya mwaka 1997, aliyachunguza majina ya kanga kama sauti ya wanawake katika jamii ya Waswahili. Rose Marie Beck, katika maandishi yake ya mwaka 2000 na 2001, alionyesha utata wa ishara hizo: mwenye kuvaa leso aweza kusema jambo zito na papo hapo akakana kwamba amesema, kwa kuwa maneno si yake bali ni ya mwenye duka. Sharifa Zawawi naye alitoa mwaka 2005 kitabu kizima juu ya kanga kama nguo isemayo. Kazi hizi ni msingi imara, na mhakiki hana haki ya kuzipuuza. Hata hivyo, nadharia ya utata yaeleza vizuri zaidi kwa nini mtu hujificha nyuma ya maneno ya leso kuliko inavyoeleza kwa nini hujifunua kwayo. Na anayempa mwenziwe leso mkononi, uso kwa uso, mbele ya mashahidi, hakuja kujificha.

Mwezi wa Desemba katika pwani ya Malindi na Kilifi una mazingira yake. Upepo wa kaskazi huwa umeanza, maembe yamejaa sokoni, shule zimefungwa, na jamaa wafanyao kazi Mombasa na Nairobi wanarejea makwao. Idadi ya watu nyumbani huongezeka kwa ghafla, na mzigo wa kuwalisha na kuwalaza humwangukia mwanamke wa makamo. Yeye ndiye aliye katikati: ana mama mzee wa kumtunza, ana binti wa kuoza au aliyejifungua, ana watoto wanaodai nguo mpya. Msichana hajaingia bado katika mzunguko huu wa wajibu, na ajuza amekwisha kuukabidhi kwa wengine. Kwa sababu hiyo wanawake wa umri huu hutegemeana: hukopeshana sufuria kubwa na majamvi, huchangiana fedha kwa zamu katika vyama vyao, hukuna nazi na kuchagua mchele pamoja kwa ajili ya karamu ambayo kesho itakuwa ya mwingine.

Wala jambo hili si la Wakristo peke yao. Ukristo una mizizi ya muda mrefu katika sehemu hizi. Krapf na Rebmann walifungua kituo chao Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti walianza kazi Ribe mwaka 1862. Uislamu nao ni wa kale zaidi katika miji ya pwani kama Malindi, Mambrui na Takaungu. Matokeo yake ni kwamba Mgiriama Mkristo na Mswahili Mwislamu mara nyingi ni majirani wa mlango kwa mlango. Ipo desturi ijulikanayo sana katika mitaa ya namna hii: mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu, ili pilau itakayopikwa iweze kuliwa na nyumba zote mbili. Sahani hupelekwa ikiwa imefunikwa, nayo si adabu kurudishwa tupu; Idi ikifika, mwendo hugeuka. Katika mazingira haya leso huhama kutoka mkono hadi mkono, na hapa ndipo majina yake yapasapo kusomwa.

Na tuanze na jina lijulikanalo sana: "Wawili wakipendana adui hana nafasi". Kwa upande wa fani, huu ni mshororo kamili wa shairi, wenye mizani kumi na sita iliyogawanyika nane kwa nane, ukwapi ukiishia katika "wakipendana" na utao ukianzia katika "adui". Kwa upande wa maudhui, wafasiri wengi huuchukua kuwa ni usemi wa mapenzi ya mume na mke. Lakini maneno yenyewe hayasemi hivyo. Kiswahili hakina jinsia ya kike na ya kiume katika upatanisho wake, na "wawili" yaweza kuwa watu wawili wowote. Mwanamke wa Kilifi ampapo shoga yake leso hii kabla ya sikukuu, kwa sababu shoga huyo alimlelea mtoto alipokuwa amelazwa, hakuna neno linalobadilika katika matini. Wanaobadilika ni wale wawili. Uwezo huo umo katika sarufi ya lugha yenyewe, na wanawake wameutambua na kuutumia kabla ya wahakiki.

Jina la pili ni "Usisafirie nyota ya mwenzio". Hili hutajwa aghalabu kama mfano wa kijembe: onyo kwa yule anayetegemea bahati ya mtu mwingine. Mizani yake ni sita kwa sita, na amri yake ni kali. Hata hivyo, ukali hutegemea masafa yaliyopo baina ya wasemaji. Neno "mwenzio" laweza kumhusu hasimu, na laweza kumhusu mwandani. Baina ya wanawake waliozoeana miaka ishirini, leso hii yaweza kutolewa kwa utani, hasa kwa yule ambaye kila mwaka hungoja wenziwe waamue rangi ya sare ndipo naye anunue. Kicheko kinachofuata ni sehemu ya maana ya matini hiyo. Utani wa namna hii hauwezekani baina ya maadui, maana adui hangecheka; kwa hiyo jina la kijembe, linapopokewa kwa kicheko, huwa limepima urafiki na kuuthibitisha. Mkusanyaji aliyeliandika jina hilo katika orodha ya mafumbo ya ugomvi hakukosea maneno, bali aliyatenga na watu wake.

Mfano wa tatu ni methali ya kale iliyoingia katika leso, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Kina cha "ki" kilichomo katika "dhiki" na "rafiki" chaunganisha kwa sauti mambo mawili ambayo maisha huyaunganisha kwa uchungu. Methali hii imezoeleka hata haimshtui msomaji wa kitabu. Lakini ikitolewa mwezi wa Desemba kwa mwanamke ambaye mwaka huo alikuwa na matanga, haiwi tena hekima ya jumla. Huwa hati ya ukumbusho, yenye kutaja bila kutaja nani alikuja na nani hakuja. Mpokeaji ajua hesabu hiyo, na mtoaji ajua kwamba yeye ajua. Methali ambayo darasani imechakaa hupata upya wake katika tukio, na hilo ni jambo ambalo nadharia ya fasihi simulizi imelisisitiza daima kuhusu ngano na nyimbo, lakini haijalitumia vya kutosha kuhusu leso.

Kutokana na mifano hii yaweza kusemwa kwamba jina la leso lina watunzi watatu. Wa kwanza ni yule aliyeyabuni au kuyachagua maneno kwa ajili ya kiwanda au duka. Wa pili ni mnunuzi, ambaye huyachagua maneno hayo miongoni mwa mengi kwa kumfikiria mtu mmoja. Wa tatu ni mpokeaji, ambaye huamua siku ya kuivaa, mahali pa kuivaa, au kuifungia sandukuni. Leso isiyovaliwa pia imesema. Vilevile umbo la doti, lenye vipande viwili vya jina moja, laruhusu wanawake wawili wagawane doti moja, kila mmoja ajifunge kipande chake. Hapo matini moja husomwa katika miili miwili kwa siku moja, nayo haikamiliki mpaka wawili hao wasimame pamoja. Ni shida kuupata mfano wa namna hiyo katika fasihi ya kitabu.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kuepuka kuupamba urafiki huu kupita kiasi. Zawadi ni deni. Mwanamke aliyepewa leso Krismasi hii yampasa arudishe, kama si kwa leso basi kwa jambo jingine, na aliye maskini huona Desemba ikija kwa hofu. Wako wajitengao na wenzao kwa kukosa cha kurudisha, wala hawakosi wanaotoa ili waonekane. Katika hali hizo jina la upendo laweza kuumiza kuliko kijembe, na "Akufaaye kwa dhiki" ikawa lawama kwa yule aliyeshindwa kufaa. Lakini pingamizi hili lathibitisha hoja badala ya kuivunja. Kama jina la upendo laweza kuumiza na jina la kijembe laweza kuchekesha, basi maana haipatikani kwa kusoma maandishi peke yake. Hupatikana kwa kuujua uhusiano uliopo baina ya mtoaji na mpokeaji.

Swali lililo kubwa zaidi ni kwa nini uhusiano huo umesahauliwa. Jibu moja laweza kupatikana katika fasihi andishi yenyewe. Tangu Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, ambamo mama ampa bintiye wasia juu ya maisha na mumewe, mwanamke wa fasihi ya Kiswahili ametazamwa hasa kwa kumlinganisha na mwanamume: mke, binti, hawara. Riwaya za baadaye zimechukua msichana anayeanguka, kama Rosa wa Kezilahabi katika Rosa Mistika (1971) na Maimuna wa Said Ahmed Mohamed katika Utengano (1980). Bi kizee naye ana nafasi yake, kama Bi Farashuu na kisasi chake katika riwaya hiyo ya pili. Mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwenye shoga, mwenye deni la mchele na kicheko cha jioni, ni nadra kushika kitovu cha hadithi. Mhakiki aliyelelewa na vitabu hivyo alipoikuta leso, aliisoma kama alivyozoea: akatafuta mume aliye nyuma ya maneno, na asipomwona akatafuta mke mwenza.

Ilhali historia ya sehemu hizi yaonyesha kwamba mikusanyiko ya wanawake haikuwa jambo dogo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaamsha Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza, na ngoma ya kifudu ilikuwa mojawapo ya njia za kuwakusanya watu wamsikilize. Wanawake waliocheza pamoja walikwisha kuaminiana kabla ya kuitwa. Pasingekuwapo imani hiyo ya kila siku, wito wake ungepata wasikilizaji wachache.

Kwa hiyo yapendekezwa kwamba wanafunzi wa idara za Kiswahili wanaotumwa kukusanya majina ya leso wasirudi na orodha ya maneno tu. Kila jina liandikwe pamoja na aliyelitoa, aliyepewa, sababu na siku, bila kuyafichua majina ya wenyewe. Na lielezwe pia lilipokewa kwa maneno gani, kwa kicheko au kwa kimya. Kazi hiyo ifanywe Desemba, vikundi vya wanawake vinapokutana, na ifanywe sasa, kwa kuwa wengi wa wanawake wanaokumbuka leso fulani ilitoka kwa nani wanazeeka, na sandukuni leso hubaki lakini sababu yake huondoka na mwenyewe. Orodha bila sababu ni maktaba ambayo kurasa zake zimebaki na vichwa vya habari peke yake.