Nani Alikuambia Umezeeka?

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 na kufariki Juni 1962. Kitabu chake cha wasifu kinaitwa Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Hiyo "baada" ya kwenye jalada alipewa miaka mitatu na nusu hivi, basi.

Kila nikikishika kitabu hicho huwa nakwama hapo hapo kwenye jina. Kwa nini hamsini? Hamsini ni namba ya mafaili, na Shaaban alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Karani huhesabu. Halafu akigeuka kusema na watoto wake, kama katika Utenzi wa Hati aliomtungia binti yake, anashika sauti ya wosia. Wosia ni utanzu mkubwa kwetu, wala siubezi. Lakini anayetoa wosia ameshakalia kiti cha uzee. Mimi kama msomaji natafuta ile siku aliyooneshwa kiti.

Maana uzee, nionavyo mimi, huhesabu mwenyewe. Unaambiwa. Na anayekuambia mara nyingi hana habari kwamba anakuambia. Ni dogo wa bodaboda pale Kyela mjini, aliyekuwa akikuita "bro", baadaye "anko", halafu siku moja anazima pikipiki kabisa, anasubiri: "Mzee, panda taratibu, hatuna haraka." Ni mtoto dukani anasema "shikamoo", na wewe unageuka nyuma kuangalia nani ameingia. Ni simu unayoisogeza mbali na uso ili usome ujumbe, mpaka mkono unaisha. Kwa wanawake ngazi ni ile ile: dada, anti, mama, bibi, na kila ngazi unapandishwa na mtu mwingine. Hakuna hata tukio moja kati ya hayo linalotosha kuandikiwa kitabu. Yakikusanyika, ndiyo maisha yenyewe.

Kitabu kilichonisaidia kulifikiria jambo hili kiliandikwa na mtu wa rika la Shaaban. Monica Wilson alizaliwa Afrika Kusini Januari 1908, mwaka mmoja tu mbele yake. Katika miaka ya 1930 yeye na mumewe Godfrey waliishi kwetu Unyakyusa, enzi hizo Kyela ikiwa bado ndani ya wilaya ya Rungwe. Godfrey alifariki 1944. Monica akabaki na madaftari, na mwaka 1951 akatoa Good Company, kitabu cha kianthropolojia kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa.

Kwa asiyevijua: wavulana wa miaka kumi hivi, wachunga ng'ombe, walitoka majumbani kwa baba zao na kuanza kujenga vibanda vyao pembeni. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, ila kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Wakakua hapo, wakaoa hapo, kijiji kikawa cha watu wa umri mmoja mpaka uzeeni. Jina la kitabu linatokana na neno la Kinyakyusa, ukwangala, yaani kule kukaa pamoja na wenzako, kula, kunywa na kupiga soga na watu mnaolingana. Mwandishi analichukulia neno hili kama ufunguo, na hapo namuunga mkono asilimia mia. Wengine wangeona wanaume wamekaa na pombe. Yeye aliona maadili.

Lakini sehemu ninayoirudia ni ya ubusoka, yaani "kutoka". Takribani kila baada ya miaka thelathini na kitu, baba walikabidhi nchi kwa wana. Moto wa zamani ulizimwa, ukapekechwa mpya. Miti ilipandwa. Wazee wakasogea pembeni kuwapisha vijana ardhi. Chifu mzee hakutarajiwa kuishi sana baada ya hapo. Yaani uzee ulikuwa na tarehe, na tarehe ilikuwa moja kwa rika zima. Hukuhitaji kioo. Uliambiwa hadharani, ukiwa umesimama na wenzako wote mnaoambiwa jambo lile lile.

Linganisha na leo. Kwa sera zetu za taifa, kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 35, na mzee anaanzia 60. Katikati kuna miaka 25 ambayo haina jina. Wewe ni "mtu mzima" tu. Hapo ndipo dogo wa bodaboda anapofanyia kazi yake. Na angalia kinachouma: umri ule ambao serikali inakufuta kwenye ujana, mababu zetu walikuwa wanakukabidhi nchi.

Wilson mwenyewe aliona vijiji hivyo vikidhoofika, na sababu hazikuwa za kimiujiza. Ardhi ilibana. Kahawa kule Rungwe na mpunga huku bondeni vilifanya kila kipande kiwe na bei. Wanaume wakaenda migodini, Rhodesia ya Kaskazini na Afrika Kusini, wakarudi na fedha isiyouliza rika. Kwa hiyo nikisoma Good Company sioni paradiso iliyopotea. Naona utaratibu uliokuwa na ukatili wake, lakini ukijibu swali ambalo sasa kila mtu anajibu peke yake.

Kwetu Talatala swali hilo lina ukubwa wa jaruba la mpunga. Baba wa miaka sabini hajaambiwa. Mwanawe wa arobaini, mwenye watoto sekondari, bado anaomba sehemu ya kulima kila msimu kama mgeni. Hakuna mbaya hapo. Hakuna siku iliyopangwa, basi makabidhiano yanasubiri msiba, na msiba ukifika ndugu wanagombana juu ya kaburi bichi. Ndiyo maana siwezi kusoma sura ya ubusoka kama habari za kale tu.

Na msiba huo huo ndiyo mahali pekee ninapoona kivuli cha ubusoka kimebaki. Kuchimba kaburi ni kazi ya vijana, na mimi nimechimba mengi. Sasa kuna siku unaingia zamu yako, unapiga mara tatu nne, na kijana fulani anakushika mkono kwa heshima kabisa: "Baba, lete koleo. Kakae na wazee pale." Halisemwi lingine. Unatembea kutoka kwenye udongo mpaka kwenye benchi chini ya mwembe. Kwangu mimi zile hatua ishirini zina uzito kuliko hamsini ya Shaaban. Ukifika, wazee wanasogea, mmoja anacheka: "Karibu, tulikuwa tunakusubiri." Pale nilielewa ukwangala kuliko katika ukurasa wowote. Kuambiwa kunauma. Kunauma kidogo zaidi ukikuta benchi tupu.

Sasa niseme na ubovu wa kitabu. Kwanza, kipimo chake ni cha kiume. Wanawake hawakuwa na vijiji vya rika, waliishi katika vijiji vya waume zao. Binti mdogo aliyeolewa na mzee alihamia miongoni mwa wazee. Je, yeye alikuwa na umri gani? Wa mwili wake au wa kijiji? Kitabu kinatupa maelezo ya kutosha kuliuliza swali hilo, lakini hakiufuati uzee wa mwanamke kama kinavyoufuata wa mwanamume. Anayejua misiba yetu anafahamu kwamba mwanamke naye ana koleo lake: siku anayoondolewa kwenye masufuria nyuma ya nyumba na kupelekwa ndani kukaa na mfiwa. Pili, kitabu kinaanza na mvulana na kuondoka naye kuelekea mbele. Mzee tunamwona akisogea pembeni. Mwandishi alikuwa na miaka ishirini na kitu alipokuwa akikusanya habari hizi, na jicho ni la umri huo. Mwaka 1977, akikaribia sabini, alitoa For Men and Elders, kuhusu mabadiliko kati ya vizazi na kati ya wanaume na wanawake huku kwetu, toka 1875 hadi 1971. Visome viwili kwa pamoja. Ni mtafiti yule yule akiliendea swali lile lile kutoka pande mbili za maisha yake.

Riwaya zetu za Kiswahili je? Tunazozipenda ni za vijana: Rosa wa Rosa Mistika, Kazimoto wa Kichwamaji, Rehema wa Nyota ya Rehema, Yasmin wa Vuta N'kuvute. Sishangai. Kezilahabi alizaliwa 1944, na Rosa Mistika ilitoka 1971, yeye mwenyewe kijana. Mzee katika riwaya hizi mara nyingi ni ukuta: anazuia, anaoza, anaamuru. Bwana Raza, mume mzee aliyepewa Yasmin, yupo ili akimbiwe, na Yasmin ana kila haki ya kukimbia. Ila bado najiuliza: Raza aliambiwa lini? Nani alimwita mzee mara ya kwanza, naye akajifanya hajasikia? Kama alijifanya hajasikia, basi ile ndoa yenyewe ndiyo jibu lake, na tungeiona dhuluma ile kwa undani zaidi, bila kumsamehe.

Hapo ndipo pengo lilipo kwa maoni yangu. Tuna fasihi ya kijana anayeonewa na fasihi ya mzee anayeusia. Ile miaka 25 isiyo na jina haina mwandishi wake. Natamani riwaya ya Kiswahili inayoanza mhusika akiwa na miaka 47, hana hekima yoyote ya pekee, baba yake bado yu hai na bado ameshika shamba, na watoto wa mtaani wameanza kumwita anko. Asife mwishoni. Achukuliwe koleo tu, tuone anakwenda kukaa wapi na nani.