Duara la Tabia Mbele ya Karama na Majivuno

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Timothy Leary, alitoa kitabu kilichokusudia kupanga mienendo ya watu wanapokutana. Alichora duara, akalikata kwa mistari miwili. Mstari wa wima hutoka katika kutawala ukashuka hata katika kutii. Mstari wa ulalo hutoka katika chuki ukafika katika upendo. Baina ya ncha hizo zimepangwa tabia 16, zikakusanywa katika mafungu 8. Tabia iliyo karibu na kitovu ni ya kiasi. Isogeayo ukingoni imepita kiasi.

Duara hili, pamoja na vipimo vingine vya ukoo wake, hutumiwa pia kuwapimia wahusika wa hadithi. Mwanafunzi humtia mhusika katika fungu lake, kisha huweka kalamu chini. Swali letu ni hili: je, hapo uhakiki umekwisha, au ndipo kwanza uanze?

Tuchukue Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea barazani kwa siku 6. Wako wasemao kwamba wahusika hawa si watu bali ni majina yanayotembea: mmoja wema mtupu, mwingine kiburi kitupu. Katika lawama hii duara latufaa, maana halituulizi mtu ni nani peke yake, bali tendo lake lamwita mwenziwe ajibu nini. Kanuni yake ni kwamba utawala huvuta utii, na chuki huvuta chuki. Basi Majivuno, atawalaye kwa chuki, anamwita Karama atii huku akinung'unika, au arudishe tusi kwa tusi. Dawa ya moto ni moto, ndivyo atakavyo mshtaki. Na laiti mshtakiwa angaliwaka, mashtaka yangalithibitika yenyewe.

Karama haitiki mwito huo. Anaomba ruhusa ya kusema na analiheshimu baraza. Kwa kipimo cha duara, huo ni utii. Lakini kwa heshima hiyohiyo amelishika baraza lote likamsikiliza siku baada ya siku, na huo ni utawala. Tumweke wapi? Leary hakuwa mjinga wa jambo hili. Alitenga ngazi 5 za nafsi, akijua kwamba aonekanavyo mtu kwa nje sivyo alivyo kwa ndani. Hata hivyo ngazi hazitutoi katika shida. Unyenyekevu wa Karama si vazi lililofunika tamaa ya kutawala. Nje na ndani yake ni mamoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika lugha yetu ainamaye kwa adabu hahesabiwi kuwa ameshindwa. Mstari unaotenga kutawala na kutii katika ncha mbili zinazopingana hauna mahali pa neno adabu.

Upo upungufu wa pili. Duara huwatazama wawili, na barazani wapo zaidi ya wawili. Karama anamjibu Majivuno, lakini anasema na mfalme na madiwani, na nyuma yao na wajumbe 6 waliotumwa nchi za mbali kutafuta mema, wakarudi wakafungwa. Upole wake una maana kwa sababu yao. Ukiwaondoa, amebaki mtu mpole tu mbele ya mtu mkali.

Kwa hiyo hatuwakatazi wanafunzi duara hili. Na walitumie kuuliza mwito wa kila tendo. Ila pale mhusika anapokataa kukaa katika fungu alilopewa, wasimlazimishe. Mahali hapo ndipo mwandishi alipoweka fikira yake, na ndipo msomaji anapodaiwa kusoma tena.