Nipe Mji

Utotoni mwetu kitendawili kilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Ukitega, wenzako wakashindwa, unaomba mji. Unapewa Pemba au Kigoma, unaupokea kwa maringo, kisha unatoa jibu. Na jibu lazima liwe lile ambalo kila mmoja, akilisikia, anaona lilikuwa mbele yake tangu mwanzo. Nyumba yangu haina mlango: yai. Aliyeshindwa anashika kichwa, lakini hakasiriki. Ukitoa jibu ambalo halikuwamo katika maneno yako mwenyewe, mji unarudishwa, na jioni hiyo hutegi tena.

Nimeandika hadithi za upelelezi kwa miaka mingi, na ninazidi kuamini kuwa zinaongozwa na sheria hiyo hiyo. Wako wanaoziita hadithi za kupitishia wakati. Mimi sijaona kazi ya kalamu inayomdai mwandishi uaminifu kuliko hii.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alilijua hilo mapema. *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyompa ushindi katika shindano la uandishi la 1957–58 na kutoka kama kitabu 1960, ndiyo iliyotufungulia njia. Kabla ya kuingia katika magazeti alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, na napenda kuamini kwamba kazi hiyo ndiyo iliyomlea Bwana Msa, mpelelezi wake. Mkaguzi wa afya huingia uani kwa watu, akaamkia, akatazama pipa la maji, akatazama na chini ya pipa. Bwana Msa naye, na kiko chake mdomoni, haoni kitu ambacho rafiki yake Najum hakukiona. Tofauti ni kwamba Najum amepita, yeye amesimama.

Agatha Christie, mtunzi mwingine wa hadithi hizi, naye alianzia kwenye kazi ya mikono. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, Uingereza, akipima na kuchanganya, na sumu iliyomo katika kitabu chake cha kwanza, cha 1920, imeandikwa na mtu aliyeshika chupa zenyewe. Madaftari yake 73 yamesalia. Ndani yake njama za mauaji zimekaa pamoja na orodha za vitu vya nyumbani. Georges Simenon, mtunzi mwenzao, yeye alikuwa na bahasha: juu yake aliandika majina ya wahusika, umri wao, anwani zao, na majina aliyatafuta katika vitabu vya simu. Kisha sura moja kila siku hadi amalize, bila kujua mapema hadithi itaishia wapi.

Hilo la mwisho mimi nilijaribu, likanitoa machozi. Gazeti moja lilinipa nafasi ya hadithi ya mfululizo, nami nikaanza kuua kabla sijamjua muuaji. Kila wiki nilifunga kwa neno "Itaendelea" na kila wiki nilikuwa sijui itaendelea vipi. Toleo la kumi na nne nikamleta pacha wa marehemu kutoka ng'ambo, mtu ambaye hakuwahi kutajwa. Mama mkubwa, aliyekuwa akisomewa kila toleo, alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, umenificha."

Sikulala usiku ule. Tangu hapo naandika sura ya mwisho kwanza. Kisha natundika ukutani karatasi ya manila na kuipiga mistari: huku majina, huku saa, na kwenye kila chumba naandika kile ambacho mtu huyo anakijua saa hiyo, na kile anachodhani anakijua. Muuaji naye ana mstari wake, hata saa ambazo hayumo kwenye hadithi. Kwa sababu wakati mpelelezi anakunywa chai, muuaji hajakaa bure. Kazi ya karatasi hii hunichukua muda mrefu kuliko sura kumi za mwanzo. Baada ya sala ya alfajiri naandika kurasa mbili kwa mkono, wala sizidishi hata siku nikiona maneno yanakuja yenyewe.

Lakini utamu wa kazi umo katika kuficha kitu mahali peupe. Chukua mjane aliyesema kwamba usiku wa msiba alilala mapema, hakuwasha moto, hakupika. Kurasa nyingi kabla ya kauli hiyo nimeandika kwamba asubuhi iliyofuata usiku huo, mvua ikinyesha, jirani alikuja kupalia moto. Mjane, bado hajapewa habari, alimtilia makaa matatu kwenye kifuu, akamuulizia hali ya mtoto aliyekuwa na surua, akamwambia aharakishe asiloe. Msomaji anaona ujirani mwema. Moyo wake unamfuata mtoto mgonjwa. Makaa yamepita katikati, kati ya mvua na surua, na kila neno ni kweli. Moto ule ulikesha, na aliyeukeshea alikuwa macho.

Sentensi hiyo moja ya makaa niliiandika upya siku tatu. Nikisema "makaa mekundu bado," nimepiga kelele. Nikiondoa idadi, nimeiba. Makaa yakitajwa mwisho wa aya, jicho litatulia juu yake. Kwa hiyo yakawekwa katikati, penye njia ya kupita. Wapishi wanaijua kazi ya aina hii: chumvi isionekane, na isikosekane.

Ijumaa alasiri nampelekea mama mkubwa nilichoandika wiki ile. Yeye huchambua mchele, mimi nasoma kwa sauti. Usoni mwake sitazami, natazama mikono. Hadithi ikilegea, vidole vinakwenda mbio, chuya zinatoka moja moja. Hadithi ikikaza, mikono inasimama juu ya ungo.

Ijumaa iliyopita nilifika pale mjane anapoapa kwamba hakuwasha moto. Mikono ikasimama. Akainua uso, akaniangalia kwa muda.

"Hebu rudi," akasema. "Rudi pale penye mvua."

Nikarudisha kurasa.